Niletee Chupa Nyingine

Shangazi alipofika kwenye kisa cha chupa, Haraka alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na sinia lake la chai.

"Ngojeni niwasimulie hawa watoto walivyopendana," Shangazi alisema, akijivuta mbele kwenye kochi huku kikombe kikiyumba mkononi. "Maana siku hizi watu wanapendana kwenye simu, hata sura hawajaonana. Hawa wa kwetu walikutanishwa na chupa!"

"Chupa?" Mjomba wake Haraka aliiweka chini biskuti yake. "Mbona tuliambiwa kijana hanywi?"

Sebule ikaangua kicheko. Hata mama yake Haraka, ambaye tangu wageni wapige hodi alikuwa amekaza uso kama mtu aliyebanwa na kiatu, alishindwa kujizuia. Waliokosa kucheka ni wawili tu. Mmoja alikuwa amesimama katikati ya chumba na sinia mikononi. Mwingine alikuwa ameketi ubavuni mwa shangazi yake huyo, shati limepigwa pasi likanyooka, macho kayaelekeza kwenye zulia.

Huyo wa zulia ndiye aliyekuja kuposa. Kule hospitali walikofanya kazi wote wawili, wauguzi walimwita Chupa, kwa sababu kazi yake maabara ilikuwa kuotesha damu. Wodi inaleta damu ya mgonjwa kwenye chupa yenye chakula cha vijidudu, yeye anaiweka kwenye joto, kisha anasubiri aone kitakachoota, ili daktari amjue adui na dawa ya kummaliza. Na huyo wa sinia, muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, walimwita Haraka, na jina likamganda hadi nyumbani. Mgonjwa akianza kuhema mbio, ngozi ikapoa, maneno yakachanganyika na mkojo ukapungua, wenzake wakiwa bado wanatazamana, yeye alishajua kwamba maambukizi yameingia kwenye damu. Alishatoa damu ya kuotesha, dripu inakimbia, dawa inachanganywa. Ugonjwa huo waliuita sepsisi, na aliwafundisha wauguzi wapya kuutambua kama mtu anavyomtambua jirani mkorofi kwa hatua zake. Wakimtania kwamba haraka haraka haina baraka, aliwajibu, "Kwenye sepsisi, haraka ndiyo baraka yenyewe."

"Sasa huyu mwanangu," Shangazi aliendelea, akimpiga Chupa kofi la mahaba begani, "nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, namjua. Mpole hadi anakera. Kumwambia msichana nakupenda hawezi, atazimia. Basi akabuni nini? Anapiga simu wodini. 'Sista, samahani, ile chupa imepata hitilafu kidogo. Niletee nyingine.' Binti wa watu anateremka ngazi na chupa yake. Wanasalimiana, wanaangaliana, basi. Zinapita siku, simu tena. 'Sista, samahani, ile chupa...'"

"Imepata hitilafu!" Mjomba alimalizia, akijipiga goti.

"Imepata hitilafu! Chupa gani hizo za kuharibika kila uchao? Wodi nzima ikajua. Simu ikilia tu wanamwambia, 'Haraka, chupa yako inakuita.' Na mkwe wangu naye," akamgeukia kwa jicho la utani, "nimeambiwa alikuwa hateremki mpaka ajipulizie manukato."

Kicheko kikapanda tena. Haraka alihisi uso wake unawaka, na wote wakadhani ni haya za mchumba. Mjomba hata alimkonyeza.

"Naleta maziwa," alisema, ingawa hakuna aliyeomba maziwa, akaingia jikoni na kuufunga mlango.

Alibandika maziwa kwenye jiko, kisha akainamia sinki na kufungua bomba ili maji yapige kelele. Kilichomuumiza ni kwamba kisa chenyewe kilikuwa cha kweli, manukato na yote. Alikuwa akijipulizia nyuma ya masikio kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anajitazama kwenye kioo kilichopasuka pembeni, kisha anateremka ngazi moyo ukimdunda. Chupa alikuwa akiipokea ile chupa kwa mikono miwili na kumuuliza kama amekula. Kwa ajili ya swali hilo alikuwa akirudi juu akiimba. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini mgonjwa wake ametobolewa mshipa mara ya pili.

Juzi ndipo alipojua. Tena hakujua peke yake, alijua mbele za watu.

Kulikuwa na kikao cha wodi kuhusu yule fundi seremala. Fundi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo na alikuwa anapata nafuu, akiwachekesha wauguzi kwamba vitanda vyao vilipigiliwa misumari na mtu aliyegombana na mkewe. Asubuhi moja akabadilika. Haraka aliiona hiyo hali kabla ya mtu yeyote, akatoa damu, na antibayotiki ikaingia mwilini mapema kama alivyofundisha yeye mwenyewe. Siku iliyofuata kwenye chupa kikaota kijidudu cha ngozi. Kilikuwa kimepenya kwa kufuata mrija uliokuwa shingoni mwa fundi, na dawa aliyokuwa anapewa, iliyolenga vijidudu vya tumboni, haikukigusa. Simu moja tu kutoka maabara ingetosha mrija ung'olewe na dawa ibadilishwe. Simu hiyo haikupigwa. Walipokuja kugundua, presha ya fundi ilikuwa imeanguka, na dawa kali za kuipandisha, zilizookoa roho yake, ziliibana damu hata ncha za vidole vyake viwili vya kushoto zikawa nyeusi.

"Majibu yalichelewa wapi?" daktari mkuu wa wodi aliuliza.

Mkuu wa maabara alianza kukohoa na kutaja mambo ya umeme. Ndipo Chupa aliposimama.

"Umeme hauna kosa," alisema. "Kijidudu nilikiona mapema. Nikadhani ni uchafu tu wa ngozi umeingia wakati wa kutoa damu. Chupa za Sista Haraka mara nyingi huwa hivyo."

"Mara nyingi? Mbona hatujawahi kuambiwa?"

"Nilikuwa namwomba alete nyingine."

Palepale Haraka alielewa kila kitu, kuanzia simu ya kwanza hadi ya mwisho. Nyuso zote ziligeuka kumtazama, ila za wale wauguzi wapya aliowafundisha kutoa damu. Wao waliinamisha vichwa, na hilo lilimuuma kuliko kutazamwa. Kilichozidi uchungu ni kwamba chupa ya fundi ilikuwa safi. Safari hiyo hakukosea, na safari hiyo ndiyo ambayo hakuaminiwa.

Tangu hapo hakupokea simu ya Chupa. Wala hakuivunja siku ya kuja kwa wageni, kwa sababu mama yake alishasema tangu mwanzo kwamba kijana huyo hamtaki, na Haraka hakujua aanze vipi kumwambia kwamba alisema kweli.

Mlango wa jikoni ulifunguka polepole.

"Naomba tuzungumze kidogo," Chupa alisema.

"Maziwa hayo hapo motoni. Yatazame yasifurike." Haraka hakugeuka. "Si ndiyo kazi unayoiweza? Kutazama kitu kikiharibika ukiwa umenyamaza."

Chupa aliufunga mlango nyuma yake. Alisimama karibu na jiko kweli, kama mtu aliyetumwa, na Haraka akajichukia kwa kumwonea huruma. Shati lile ni yeye aliyemnunulia.

"Nimekupigia simu sana."

"Nikajua chupa imepata hitilafu."

"Usinifanyie hivyo, tafadhali."

"Nikufanyieje? Shangazi yako anatoa hadithi yetu huko, watu wanafurahi. Nenda ukae umsaidie. Mwambie na kipande cha mwisho alichokisahau."

"Shangazi hajui. Nilimwambia kama nilivyokuwa napenda iwe."

Haraka alifunga bomba. Sebuleni Mjomba alikuwa anasimulia yake sasa, na kicheko chake kilipenya ukutani.

"Nijibu moja," alisema kwa sauti ya chini. "Mara ya kwanza uliponipigia. Ulikuwa unaniita mimi au unaita chupa?"

Chupa alikuwa na macho ya mtu asiyejua kudanganya, ndiyo maana uongo wake wote aliufanya kwa simu.

"Chupa," alijibu.

"Mara ya pili?"

"Chupa. Lakini niliomba uilete wewe, asitumwe mwingine."

"Na baadaye?"

"Baadaye..." Alijishika kichwa. "Baadaye nikiona vile vijidudu vya ngozi vimeota tena kwenye chupa yenye jina lako, nilikuwa nafurahi. Moyo wangu ulikuwa unafurahi, Haraka! Badala ya kusema, maskini mgonjwa, atatobolewa tena, nilikuwa nasema, leo nitamwona. Hiyo ndiyo aibu yangu. Watu kwenye kikao waliniona nimekosa mara moja. Mimi najua nimekosa kila siku."

Haraka alishika ukingo wa sinki. Alikuwa amejiandaa kusikia visingizio, akavijengea ukuta. Kwa hili hakuwa na ukuta, na kwa kitambo alitaka kumwendea amfute uso.

"Na mimi nilikuwa najipulizia manukato," alisema. "Mgonjwa analia sindano, mimi najipulizia manukato."

"Wewe hukujua."

"Kwa nini sikujua? Nani alipaswa kuniambia?"

"Ningeanzaje? Wewe ndiye unayewafundisha wenzako. Wodi nzima inakutolea mfano. Nilikuwa nakusitiri."

"Hata kunishika mkono hukuthubutu mpaka nilipokushika mimi. Sasa ujasiri wa kusimama mbele ya madaktari na kunitaja jina ulitoka wapi? Hao wote uliweza kuwaambia. Mimi ukashindwa!"

"Kwa sababu hao siogopi kuwapoteza," Chupa alisema.

Maziwa yalifurika. Wote wawili waliyarukia, mikono yao ikakutana kwenye swichi ya jiko, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuuondoa wake. Alikuwa karibu hivi kwamba Haraka aliisikia ile harufu ya sabuni ya maabara aliyozoea kuitafuta hewani kila alipoteremka ngazi. Nusura aegemee kifua chake. Ndipo mlango ulipofunguka kwa nguvu.

"Harufu ya maziwa imefika hadi kwa wageni," mama yake alisema. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akatazama na mikono. "Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu, Mama," Chupa alijibu.

"Unaona?" Haraka alimwambia, na sauti yake ikapasuka. "Unaona wewe mwenyewe? 'Hakuna kitu!' Ndiyo dawa yako kwa kila jambo."

Mama alikunja mikono. "Nilisema mimi. Watu wakaniona nina roho mbaya. Nikasema mwanaume asiyekohoa, asiyekasirika, asiyebisha, huyo ana lake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Amekufanya nini mwanangu?"

"Twende sebuleni, Mama. Nitasema mara moja wote msikie."

"Haraka, subiri kwanza," Chupa aliomba.

"Leo hapana."

Sebuleni Mjomba alikuwa amekwisha kulirekebisha koti lake. Alipowaona wanaingia alisafisha koo, kwa kuwa alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi na hakutaka yamkalie bure.

"Naam. Wageni wetu wamesema neno lao, na neno lao ni jema. Sisi wazee hatuoi wala hatuolewi, kazi yetu ni kuuliza. Binti yangu, kijana huyu unamjua, na wewe anakujua. Je, umeridhia?"

Chupa alirudi kuketi kando ya Shangazi, ambaye alishaanza kutabasamu. Haraka alibaki amesimama. 

"Mjomba, zile chupa hazikuwa na hitilafu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa na hitilafu."

Akawaeleza. Aliwaeleza kwa maneno ya nyumbani, ili Mama aelewe: kwamba damu ikitolewa vibaya, uchafu wa ngozi unaingia kwenye chupa na kuwadanganya madaktari. Kwamba alikuwa anakosea, anarudia kukosea, na kuwafundisha wengine kukosea. Kwamba Chupa alijua, akampigia simu kwa sauti tamu badala ya kumwambia, na yeye akateremka kwenda kupendwa huku wagonjwa wake wanalipa kwa ngozi zao. Alipofika kwa fundi seremala, alisema tu kwamba kuna mtu ameumia.

Shangazi aliweka kikombe chini. Tabasamu lilikuwa limemwishia usoni, ila hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "mimi sijasoma hayo ya damu. Nijuacho ni hiki. Mwanaume huyu aliiona aibu yako akaifunika. Hakukutangaza, hakukucheka. Wanaume wangapi husitiri? Ndoa ni nini kama si kusitiriana?"

"Kweli, Shangazi. Mimi alinisitiri." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa na hakuyafuta. "Aliyeachwa uchi ni mgonjwa."

Saa ya ukutani, iliyokuwa mbovu kwa majira lakini nzima kwa kelele, ilisikika chumba kizima. Kisha Chupa akasimama kutoka kwenye kochi, na Shangazi akamvuta shati akae, lakini hakukaa.

"La fundi niachieni nilimalize mimi," alisema. "Wazee wangu, chupa ya fundi ilikuwa safi. Haraka hakukosea. Kilichoota kilikuwa ugonjwa wa kweli, na mimi nikakidharau, kwa sababu nilizoea. Sikutaka hata kumpigia simu siku hiyo. Nilijua tunakuja hapa kwenu, nikaogopa asije akaanza kushtuka kwa nini chupa zinaharibika sana. Nikanyamaza. Fundi akalala na mrija wenye sumu shingoni."

"Yu hai?" Mjomba aliuliza.

"Yu hai. Jana nilikwenda kumwona."

Haraka aliinua kichwa. Hilo hakulijua.

"Nilisimama kando ya kitanda chake, mkewe yupo. Nikawaambia kama ninavyowaambia ninyi. Nilitegemea anitukane, hakunitukana. Alivitazama vidole vyake, akaniuliza kama vitarudi. Nikataka kumwambia tutaona. Mnajua tena, lile neno letu la hospitali. Nikashindwa. Nikamwambia havirudi. Mkewe akaniomba nitoke."

Shangazi alijifunika uso kwa kiganja. "Mwanangu, mwanangu," alinong'ona, "haya nayo ulikuwa unanificha na mimi?"

"Nilikuficha, Shangazi. Nisamehe."

Mama yake Haraka alisimama, akajikaza nguo kiunoni. Haikuwa sauti ya ushindi aliyoitoa, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Basi. Nadhani tumesikia ya kutosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa wameumbuka wote wawili. Hatuna ugomvi na wageni. Kaka, waage wageni kwa heshima, kila mmoja akatulie kwake."

Mjomba alimtazama Haraka kwa huzuni. Yale maneno yake mazuri yalikuwa bado yanamkaa mdomoni. Shangazi alianza kukusanya mkoba wake, akiukosa mkanda na kuushika tena.

Haraka aliwaona wanainuka. Aliona jinsi itakavyokuwa baada ya hapo: atakutana naye kwenye korido, watasalimiana, watapishana. Atamwachia mwingine kazi ya kuteremsha chupa. Yeye atabaki na aibu yake na Chupa atabaki na yake, kila mmoja akiitunza kwa adabu, na wagonjwa wataendelea kuletwa. Alimpenda mtu huyu. Hata pale, amemkasirikia hadi mifupa inamuuma, alimpenda, na hakuna aliyemuuliza kuhusu hilo.

"Mimi sijamaliza, Mama," alisema.

Akamgeukia Chupa. Kati yao palikuwa na meza tu na vikombe visivyonywewa.

"Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Nakosea wapi. Kwenye kikao ulisema chupa zangu ni chafu, hukusema kwa nini. Jikoni nimekuuliza ukaniambia unaogopa. Unajua. Umenitazama nikitoa damu wodini, zile siku unazokuja kuleta majibu. Niambie nakosea wapi."

Chupa aliwatazama wazee. "Nitakuambia. Tukitoka nje, tukiwa wawili..."

"Hapa."

"Mbele ya mama yako?"

"Kesho nitasimama mbele ya wale wasichana niliowafundisha niwaambie nilipowapotosha. Nitawaambia nini kama sijui? Hapa. Sasa hivi. Au chukua mkoba wa Shangazi mwende."

Haraka alimwona akilitafuta neno lake laini, lile la samahani Sista, akalifikia, akaliacha. Mikono aliiweka nyuma kama mwanafunzi. Aliposema, alisema akimtazama machoni, kitu ambacho miezi yote ile alikifanya kwa kuibia.

"Una haraka," alisema. "Ukishapaka spiriti kwenye ngozi ya mgonjwa, husubiri ikauke. Spiriti isipokauka haijamaliza kuua vijidudu. Unachoma sindano ngozi ingali na maji, unaingia na uchafu wake."

Haraka alihisi joto linampanda kutoka kifuani hadi kwenye nywele. Kitu kidogo hivyo! Kitu cha mtoto wa mwaka wa kwanza, na alikuwa anakisema mwenyewe darasani, subirini ikauke, kisha mikono yake inakimbia kabla ya mdomo kufunga. Mama yake alikuwa anamtazama. Mjomba alikuwa anamtazama. Alitaka kukimbilia jikoni tena.

"Kuna lingine?" aliuliza.

"Lipo."

"Sema."

"Ukiukosa mshipa, unaupapasa tena kwa kidole palepale uliposafisha. Glovu yenyewe imeshagusa kitanda, imegusa shuka, imegusa kila kitu. Na kifuniko cha chupa hukisafishi. Unadhani kwa kuwa ni kipya ni safi. Si safi." Aliendelea kumtazama machoni. "Na jambo jingine si la damu. Mtu akikurekebisha, unamjibu kwa utani mpaka kila mtu anacheka na yeye anajiona mjinga. Ndiyo maana wenzako hawakwambii. Ndiyo maana na mimi sikukwambia. Sikuogopa cheo chako. Niliogopa huo utani."

Shangazi alikuwa amesimama na mkoba kwapani, mdomo wazi, kwa kuwa katika miaka yote ya kumlea hakuwahi kumsikia kijana wake akisema maneno mengi hivyo ya kuudhi. Mama yake Haraka alikuwa ameacha kumtazama binti yake. Alikuwa anamtazama Chupa, kwa macho aliyokuwa hajamtazama nayo tangu aje.

Aibu ilimjaa Haraka. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, uso umelowa, mikono imelegea mapajani kana kwamba si yake. Jibu la utani lilimjia ulimini, lilikuja lenyewe kwa mazoea, akalimeza.

"Binti yangu," Mjomba alisema taratibu, "wageni wako mlangoni. Niwaambie nini?"

Haraka alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akakivuta kiti chake hadi kikagusana na kochi alilokuwa ameliacha Chupa.

"Waambie wakae, Mjomba," alisema. "Bado hajamaliza kuniambia."